Medea Arudi Kisimani: Jinsi ya Kuigeuza Tanzia ya Kigiriki Kuwa Mchezo wa Noh

Watu wengi wanaotaka kuigiza tanzia ya Kigiriki kwa mtindo wa Kijapani huanzia kwenye sanduku la nguo. Hutafuta kimono, poda nyeupe na pepeo la kukunja. Maneno ya mchezo yanabaki yalivyokuwa, mwendo unabaki ulivyokuwa, na hadhira inaishia kuwatazama Wagiriki waliovaa nguo za kuazima.

Sisi tuanzie kwenye wakati. Tanzia ya Kigiriki huenda mbele: mtu anaonywa, hasikii, anaanguka, na aghalabu yote hutukia kati ya macheo na machweo ya siku moja. Noh, mchezo wa jadi wa Kijapani wa vinyago na nyimbo, hasa ile ya mizimu, huenda kinyumenyume. Jambo lilishapita, pengine miaka mia kadhaa. Aliyelitenda amekufa lakini hajaondoka, na kinachochezwa jukwaani ni kule kukumbuka kwake. Kwa hiyo swali la kwanza la mwongozaji ni hili: Mgiriki alipomaliza mchezo wake, nani alibaki pale, na anataka nini kwa wapita njia?

Nitatumia Medea ya Euripides tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ndiyo niliyoihangaikia zaidi. Ilichezwa Athens mwaka 431 KK. Medea, mgeni kutoka Colchis kwenye Bahari Nyeusi, amemsaidia Jason kuipata ngozi ya dhahabu, ameiacha nchi yake, amemzalia wana wawili. Jason anamwacha ili amwoe binti wa mfalme wa Korintho, ambaye mapokeo humwita Glauke. Medea anampelekea bibi harusi joho na taji vilivyopakwa sumu, anawaua wanawe mwenyewe, kisha anaondoka katika gari la babu yake, Jua.

Hatua ya 1: Uliza kilio kiko wapi

Japani ina majukwaa kadhaa ya jadi, na kila moja lina mahali pake pa kuuweka uchungu. Usichague kwa sababu umependa picha.

Noh ilipata sura yake katika karne ya 14 mikononi mwa Kan'ami na mwanawe Zeami, waliolelewa kisanaa na shoguni, yaani mtawala wa kijeshi, Ashikaga Yoshimitsu. Wachezaji ni wachache, mhusika mkuu huvaa kinyago, mwendo ni wa taratibu na kimya ni kirefu. Inafaa hadithi ambazo uchungu wake uko katika kukumbuka.

Kabuki ilianzia Kyoto mwaka 1603 kwa mwanamke aliyeitwa Izumo no Okuni. Wanawake wakapigwa marufuku jukwaani mwaka 1629, na sehemu za kike zikawa za wanaume wanaoitwa onnagata. Hapa uchungu uko katika kutenda. Kuna hanamichi, njia inayopita kati ya watazamaji, na kuna mie, pale mwigizaji anapoganda kwa nguvu zake zote huku vibao vya mbao vikigongwa sakafuni. Agamemnon akikanyaga vitambaa vyekundu kuelekea kifo chake anaililia hanamichi. Agave wa Bacchae, tanzia nyingine ya Euripides, anayebeba kichwa cha mwanawe akidhani ni cha simba, ana ndugu zake huko pia, maana kabuki ina aina nzima ya onyesho inayoitwa kubi jikken, ukaguzi wa kichwa: mtu hulazimika kukitazama kichwa kilichokatwa na kutamka ni cha nani, na mara nyingine ni cha mwanawe naye hana ruhusa ya kulia. Ukitaka kuigiza Bacchae, anzia hapo.

Bunraku ni mchezo wa wanasesere uliokomaa Osaka. Watu watatu humwendesha mwanasesere mmoja: wa kwanza ana kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Pembeni mghani mmoja hutoa sauti za wahusika wote akifuatana na shamisen, ambayo kwa haraka ningeiita gambusi ya nyuzi tatu. Mtu anayesukumwa na miungu, kama Phaedra aliyetiwa penzi na Aphrodite bila kulitaka, anaeleweka mara moja ukimwona ameshikwa na mikono sita.

Kwa Medea wengi watakimbilia kabuki kwa sababu ya ile hasira. Ninaelewa. Lakini hasira ya Medea tumeionyesha mara nyingi mno. Tusichowahi kumuuliza ni amekaaje na tendo lile baadaye. Hilo ni swali la noh.

Hatua ya 2: Watazame waliotangulia, kisha waache

Mwaka 1974 mwongozaji Tadashi Suzuki alionyesha Tokyo mchezo wa Wanawake wa Troia. Kikongwe mmoja wa Japani iliyobomolewa na vita anakaa katika uharibifu na kukumbuka, na katika kukumbuka anageuka Hecuba, malkia wa Troia. Aliyeicheza nafasi hiyo ni Kayoko Shiraishi, na jukwaani pamoja naye alikuwamo Hisao Kanze, mwigizaji wa noh wa ukoo wa kina Zeami. Jizo, mlinzi wa watoto katika Ubudha wa Kijapani, alisimama pale bila kusema wala kuokoa mtu. Suzuki hakuihamisha Troia. Alimtafuta mtu anayeikumbuka. Somo hilo litabeba kazi yetu yote.

Yukio Ninagawa aliigiza Medea mwaka 1978 kwa wanaume watupu, Mikijiro Hira akiwa Medea. Watu hawaisahau ile picha ya utepe mwekundu unaovutwa kutoka mdomoni, mrefu, hauishi. Hakuna tone la damu, na bado umeiona damu.

Satoshi Miyagi alichukua njia ya bunraku. Katika Medea yake ya mwaka 1999 kila mhusika ana watu wawili, mmoja anasema na mwingine anatenda. Wanaume wameshika maneno, wanawake wameshika miili. Mwaka 2017 akaipeleka Antigone kwenye tamasha la Avignon, Ufaransa, akaufunika uwanja wa Kasri la Mapapa kwa maji, na kivuli cha Antigone kikapanda ukutani kikubwa kuliko watu wote. Wafu wakaombolezwa wote, adui na ndugu, kama ilivyo desturi ya Kibudha, na palepale hoja ya Kreon, mfalme aliyekataza ndugu mmoja wa Antigone asizikwe, ikakosa pa kusimama.

Ukishawatazama hawa, usiige picha zao. Utepe mwekundu ukiurudia wewe utakuwa utepe tu.

Hatua ya 3: Tafuta mahali, si hadithi

Mchezo wa noh wa mizimu huota mahali. Kuna kisima, kuna mti wa msonobari, kuna kivuko cha mto, kuna kaburi lenye nyasi. Msafiri anafika, anaona kitu kisicho cha kawaida, anauliza. Bila mahali huna mchezo.

Nilihangaika na Medea kwa muda mrefu kwa sababu Euripides anamwondoa angani; mtu aliyepaa utamkutia wapi? Jibu liko kwa Pausanias, msafiri Mgiriki wa karne ya 2 BK aliyezunguka nchi yake akiandika habari za mahekalu na makaburi. Anaeleza kwamba Korintho palikuwa na kisima cha Glauke, ambamo binti yule alijitupa akitafuta maji yamponye sumu. Karibu yake palikuwa na kaburi la wana wa Medea, Mermeros na Pheres. Kwa masimulizi hayo, waliowaua watoto ni Wakorintho wenyewe, kwa mawe, kwa kuwa ndio waliopeleka zile zawadi. Kisha watoto wachanga wa Korintho wakaanza kufa, hadi sauti ya mungu ilipoamuru pawe na sadaka kila mwaka na pasimamishwe sanamu ya Hofu, sura ya mwanamke wa kutisha. Watoto wa mji walikuwa wakinyolewa nywele na kuvaa nguo nyeusi kwa ajili ya wale wawili.

Halafu Warumi wakaubomoa mji mwaka 146 KK. Ulipojengwa upya mwaka 44 KK ulijazwa walowezi wageni, nao hawakuifuata tena ile mila. Hapakuwa na mtoto wa kunyolewa wala wa kuvaa nyeusi.

Niliposoma hayo nilifunga kitabu nikatembea. Noh nzima imo humo: mahali pana kisima, pana kaburi, pana ibada iliyokatika, na pana mzozo juu ya nani hasa aliua. Euripides naye anamfanya Medea aahidi, kabla ya kuondoka, kwamba atawazika wanawe katika patakatifu pa Hera na kuwawekea Wakorintho sikukuu na ibada kwa ajili ya damu ile. Ibada ni yake mwenyewe. Imeachwa. Ana sababu ya kurudi.

Kwa tanzia nyingine fanya vivyo hivyo: acha maandishi ya mchezo kando, utafute kaburi, hekalu, chemchemi au mila iliyobaki au iliyokufa. Usipopata, chagua tanzia nyingine.

Hatua ya 4: Gawa nafasi

Waki ni mtu wa kando, aliye hai, asiye na kinyago. Aghalabu huwa mtawa. Mimi ningemfanya msafiri anayeandika habari za mahali patakatifu, mtu wa namna ya Pausanias, kwa sababu asili ya Korintho si ya Kibudha na sitaki kuisingizia. Jambo hili lina gharama: mtawa angeweza kumwombea mzimu ukatulia, mwandishi hana nguvu hiyo. Iweke gharama hiyo ndani ya mchezo, mwisho utaitumia.

Shite ni mhusika mkuu, na huja mara mbili. Nusu ya kwanza ni mwanamke wa kawaida wa pale. Nusu ya pili ni Medea mwenyewe.

Ai ni mtu wa mahali pale anayesimulia habari kwa lugha ya kawaida kati ya nusu mbili, wakati shite anabadilisha nguo. Kwetu awe mlowezi, mjukuu wa waliohamia. Hana ubaya. Ametoa maelezo ya kisima mara nyingi kwa wageni na ameyazoea. Yeye ndiye atakayesema wenyeji wa zamani waliwapiga watoto mawe.

Jason simweki. Mfalme simweki. Wapo katika maneno tu, na utashangaa jinsi wanavyopungua kimo.

Hatua ya 5: Korasi, mahali pagumu kuliko pote

Hapa ndipo jaribio letu la kwanza lilipovunjika. Korasi ya Kigiriki na korasi ya noh zinashiriki jina tu. Ile ya Athens, watu 12 na baadaye 15, ni wahusika: hapa ni wanawake wa Korintho, wana maoni, wanamsihi Medea, wanacheza na kuzunguka. Ile ya noh, jiutai, kwa kawaida watu 8, hukaa chini kwa mistari miwili upande wa kulia wa watazamaji. Hawana majina. Hawasimami. Huimba mara wakiwa nje ya mambo, mara kwa mdomo wa shite, wakisema "mimi" badala yake, wakati yeye anacheza kimya.

Sisi tulitaka vyote viwili. Tukawasimamisha waimbaji, tukawafanya wanawake wa mjini, tukawapa ishara za mikono. Mchezo ukasambaratika, kwa sababu macho hayakujua pa kukaa, na shite akawa mmoja wa watu tisa.

Tulipowakalisha tena ndipo tukaona kilichokuwa mbele yetu muda wote. Katika Euripides wanawake wa Korintho wanajua. Medea anawaomba wanyamaze tangu mapema, nao wanakubali. Watoto wanapolia ndani ya nyumba, wanaulizana kama waingie, na hawaingii. Sheria ya jukwaa la Kigiriki inawazuia, na wasomaji wengi wamelalamika kuhusu udhaifu huo. Sasa waweke watu 8 wasioruhusiwa kuinuka, na sauti ya mtoto itoke nyuma ya pazia. Huhitaji kueleza chochote. Kukaa kwao kumekuwa tendo. Na katika nusu ya pili, waliokaa kimya siku ile ndio sasa wanaomwazima Medea midomo yao na kusema "mimi" kwa ajili yake.

Kwa vitendo: chukua mistari yote ya korasi ya Kigiriki na kalamu tatu za rangi. Rangi ya kwanza, mistari inayoeleza mahali, bahari, safari: ipe jiutai. Rangi ya pili, maswali na maonyo: mpe waki, ayaulize kama mgeni. Rangi ya tatu, mafundisho juu ya ndoa, miungu na kiasi: kata yote, bila huruma. Nilibaki na chini ya theluthi moja, ikatosha.

Hatua ya 6: Andika kwa mizani

Medea ya Kigiriki ina mistari zaidi ya 1,400. Ya noh itatoshea kurasa kumi, na ichezwe kwa saa moja hivi, kwani kila neno linavutwa.

Waandishi wa Kiswahili tuna bahati katika hatua hii. Ushairi wa noh huhesabu silabi, kama tunavyohesabu mizani. Mstari wake wa kawaida una silabi 12, kipande cha 7 na kipande cha 5, zikisambazwa juu ya mapigo 8 ya ngoma. Aliyezoea shairi la 8 kwa 8 atahisi kipande cha pili kikikatika mapema, kama mtu aliyeishiwa pumzi, na hiyo ndiyo hisia tunayoitafuta. Vina si lazima. Msafiri akifika anaweza kughani hivi:

Nimevuka mabonde / na mito mingi,
jua likiinama, / Korintho hii.
Maji ya kisimani / yananiita:
nani aliyelia / humu zamani?

Sehemu za mchezo zipange hivi. Msafiri anaingia, anajitaja, anasimulia safari yake, anafika, dakika 8. Mwanamke anakuja kisimani na kitambaa cheusi na kishungi cha nywele, wanaongea, anaeleza kwamba leo ilikuwa siku ya kuwanyoa watoto na hakuna anayekumbuka, msafiri anashangaa anavyojua mambo ya miaka mingi hivyo, na yeye anatoweka nyuma ya kisima, dakika 18. Mlowezi anasimulia kwa nathari, dakika 7. Medea anarudi, dakika zinazobaki zote ni zake.

Mazungumzo ya mlowezi yaandike kwa Kiswahili cha barazani. Mistari ya Medea iandike kwa lugha nzito kidogo, ya zamani kidogo. Ukitaka kusikia jinsi tanzia ya Kigiriki inavyoweza kukaa ndani ya Kiswahili, itafute Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi, uisome kwa sauti.

Kitovu cha nusu ya pili ni sentensi moja. Mzimu wa kawaida angejitetea. Mlowezi ameshamsafisha kabisa, amesema walioua ni watu wa mji. Medea anakuja kuikataa fadhila hiyo:

Si wao, ni mimi tu, / mkono huu;
nywele zao ziwapi, / nguo nyeusi?

Anadai hatia yake kama mama anayedai maiti ya mwanawe. Akipoteza hatia, atakuwa hana tena kinachomuunganisha nao.

Hatua ya 7: Kinyago

Wengi wataniambia Medea ni hannya, kile kinyago cha mwanamke aliyeota pembe kwa wivu. Nakikataa kwa nafasi hii. Hannya amekwisha kugeuka, na hadhira ikimwona pembe zake haitajiuliza tena swali. Kwa nusu ya kwanza tumia fukai, uso wa mwanamke wa makamo, unaotumika kwa mama aliyepotelewa na mtoto. Kwa nusu ya pili tumia deigan, ambaye macho yake yamepakwa rangi ya dhahabu: bado ni binadamu, ila kuna kitu nyuma ya macho ambacho si cha dunia hii. Mjukuu wa Jua kuwa na dhahabu machoni, hilo sikulipanga mimi.

Kinyago cha noh ni cha mti wa hinoki, mberoshi wa Kijapani, kidogo kuliko uso, kidevu cha mchezaji huonekana chini yake. Ukikiinua kidogo kinapata nuru, kama kinatabasamu. Ukikiinamisha kinaingia wingu. Mchezaji afanye mazoezi ya mambo hayo mawili tu mbele ya kioo kwa wiki nzima kabla ya kugusa neno lolote. Kabla ya kukivaa, waigizaji wa noh hukiinamia kwa heshima. Fanya hivyo, na wafundishe wote walioko nyuma ya jukwaa wakae kimya wakati huo.

Huna kinyago cha kweli? Usinunue cha plastiki cha watalii. Noh yenyewe ina suluhisho: hitamen, uso mtupu unaochezwa kana kwamba ni kinyago, bila kukunja paji wala kuzungusha macho. Ni vigumu, lakini ni kweli.

Hatua ya 8: Sakafu na miguu

Jukwaa la noh ni mraba wa karibu mita 6 kwa mita 6, wenye nguzo nne, msonobari uliochorwa ukutani nyuma, na daraja linaloingia kutoka kushoto kwa watazamaji. Mnaocheza ukumbini au uwanjani, choreni mraba huo kwa chaki na msimamishe fito nne za mianzi. Fito hizo si pambo. Mwenye kinyago haoni miguu yake wala pembeni. Nguzo ndizo macho yake, na nguzo ya mbele ndiyo anayoitazama ili asianguke. Daraja lisikose, hata likiwa ni mkeka mrefu. Mzimu hauingii kwa mlango wa pembeni kama mtu aliyechelewa, unavuka.

Mwendo ni wa kuburuta nyayo. Kisigino hakiinuki, magoti yamelegea kidogo, kiuno kimeshuka, kichwa hakipandi wala kushuka. Mwambie mchezaji awaze mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa pomoni kwenye njia ya utelezi. Dakika 20 kila siku, na soksi miguuni, mwezi mzima. Mkilia, msilie: inua mkono taratibu kuelekea machoni, kiganja ndani, kisha ushushe. Ndiyo hiyo tu. Ikifanywa mara moja katika saa nzima, watu watatoa leso.

Waigizaji wa noh huanza utotoni na hujifunza kwa mwalimu miaka mingi. Kama hamkupitia huko, msiuite mchezo wenu noh kwenye tangazo. Andikeni kwamba umetokana na noh. Na mkipata mwalimu hata kwa siku tatu, mwacheni awarekebishe miguu kabla ya jambo lolote.

Hatua ya 9: Ngoma na pumzi

Vyombo ni filimbi moja, ngoma ya begani, ngoma ya kiunoni na, katika michezo kadhaa ya pepo na miungu, ngoma ya vijiti. Ngoma ya kiunoni ngozi yake hukaushwa kwa makaa kabla ya onyesho hadi ilie kavu kama ubao. Ya begani hulainishwa kwa unyevu wa pumzi. Wapigaji wetu wanaozikanza ngoma motoni wataelewa bila kuelezwa. Kwa hiyo kama hamna vyombo vya Kijapani, tafuteni ngoma mbili ndogo, moja iliyokaushwa sana na moja laini, na mpigaji apaaze sauti kati ya pigo na pigo, kwa sababu katika noh ile sauti ni nusu ya muziki.

Mchezo mzima ufuate jo-ha-kyu: mwanzo wa taratibu, katikati panapovunjika, mwisho wa kasi. Kanuni hiyo iwe katika mchezo, katika kila wimbo, hata katika hatua moja ya mguu.

Hatua ya 10: Watoto, joho, na kutoka

Katika mchezo wa Aoi no Ue, mgonjwa ambaye hadithi nzima inamzunguka hachezwi na mtu yeyote. Ni vazi lililokunjwa na kutandazwa mbele ya jukwaa. Fanya hivyo kwa watoto wa Medea: mavazi mawili madogo, yawekwe kabla mchezo haujaanza, kimya. Watazamaji hawatajua ni nini hadi nusu ya pili. Joho la sumu ni vazi pia, na Medea atakapolivua lake la juu na kulitandaza kando ya yale mawili, ameshasema yote kuhusu Glauke. Kisu ni pepeo lililofungwa. Gari la Jua ni fremu ya mianzi iliyozungushiwa kitambaa cheupe, kama magari yanavyotengenezwa katika noh. Lisimame pale tupu, asilipande.

Je, sauti ya watoto isikike? Motomasa, mwana wa Zeami, alipoandika Sumidagawa, hadithi ya mama anayemtafuta mwanawe hadi kaburini, alitaka mzimu wa mtoto atoke na aonekane. Zeami aliona ingekuwa bora asionekane kabisa. Motomasa akasema hangeweza kuicheza hivyo, na baba akamwambia ajaribu namna zote mbili na ashike inayofaa. Nanyi jaribuni. Sisi tulibaki na sauti moja tu, ya mtoto mdogo, mara moja, na korasi ikiwa imekaa.

Sumidagawa hufungwa kwa mapambazuko: mama anaponyoosha mikono, kilichoko mbele yake ni kichuguu cha nyasi. Msimpatanishe Medea. Msafiri hana dua ya kumpa, ana kalamu. Anamuuliza majina ya watoto, anayaandika, anayasoma kwa sauti: Mermeros, Pheres. Medea anageuka kwenye kona ya daraja, anakanyaga sakafu mara mbili, na anaondoka kwa kasi ile ile aliyokuja nayo. Msipige makofi upande wa jukwaani, msiwashe taa zote. Msafiri anafuata, kisha wapiga ngoma, na korasi inatoka kwa mlango mdogo wa pembeni.

Yale mavazi mawili bado yapo chini. Kwa kawaida wasaidizi wa jukwaa ndio huondoa vitu. Hapa aje yule mlowezi, peke yake, bila neno, apige magoti, ayakunje moja moja, vizuri, kama nguo za watoto wake.